Shanga Nyekundu za Deming

Hotuba za chakula cha jioni cha vyama vya kitaaluma nyingi husahaulika kabla meza hazijafutwa. Ile ya W. Edwards Deming ya tarehe 13 Julai 1950, jijini Tokyo, bado inazungumzwa, na kwangu mimi ni kazi ya ufundi inayostahili kutazamwa bila haraka.

Deming alikuwa mwanatakwimu wa Marekani aliyealikwa na Umoja wa Wanasayansi na Wahandisi wa Japani kufundisha udhibiti wa ubora. Wahandisi walifurika darasani, lakini hilo halikumtosha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, somo hilohilo lilifundishwa kwa maelfu ya Wamarekani, kisha likafifia vita vilipokwisha, kwa kuwa wakuu wa viwanda hawakuwahi kulielewa. Safari hii akataka kuonana na wenye kauli. Ichiro Ishikawa, aliyekuwa akiongoza Keidanren, shirikisho la wafanyabiashara wakubwa, akawaita. Wakaja wakuu wa makampuni 21.

Hebu fikiria hali ya waliokaa pale. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu miji yao iteketezwe kwa mabomu, na bidhaa zao zilijulikana nje kwa bei rahisi na kuharibika upesi. Mgeni mwingine angewapa pole, akawasifu kwa uvumilivu wao, akaketi. Deming aliwaambia kwamba ubora huamuliwa na waliokaa meza kuu, na kwamba wakiutengeneza mfumo wao, miaka mitano haitapita kabla bidhaa zao hazijateka masoko ya nje. Kumwambia mwenyeji wako, chakula chake kikiwa bado mdomoni, kwamba kasoro ni yake, kisha akuombe urudi tena, si kipaji cha kila msemaji.

Aliwezaje? Jibu linaonekana vizuri zaidi katika onyesho alilolifanya miaka mingi baadaye kwenye semina zake za siku nne. Anakuja na sanduku la shanga 4,000: nyeupe 3,200, nyekundu 800. Anaita watu sita kutoka ukumbini wawe wafanyakazi, wengine wawe wakaguzi, mmoja karani. Yeye mwenyewe ndiye nyapara. Kila mfanyakazi anachovya kibao chenye mashimo 50 sandukuni na kukiinua kikiwa na shanga 50. Mteja anataka nyeupe tu. Nyekundu ni kasoro. Maelekezo ni makali kweli: kibao kiinuliwe kwa mwinamo wa nyuzi 44, na hakuna ruhusa ya kujitungia njia nyingine.

Siku ya kwanza mmoja anatoa nyekundu 6, anapongezwa mbele ya wote. Mwenzake anatoa 14, anakemewa. Kesho yake yule wa 6 anatoa 12, na nyapara anauliza kwa sauti kama sifa zimemlevya. Ukumbi unacheka. Siku ya tatu ikiisha, watatu wenye matokeo mabaya wanafukuzwa, na watatu "bora" wanabaki kufanya zamu mbili kila mmoja. Kasoro hazipungui. Zitapunguaje, ikiwa shanga moja katika kila tano sandukuni ni nyekundu, na aliyelijaza sanduku si mfanyakazi?

Kinachonivutia ni kwamba wakati huo Deming bado hajaleta hoja hata moja. Ndipo anapochora idadi hizo kwenye chati ya Walter Shewhart, mwalimu wake aliyeibuni mwaka 1924, na vicheko vinakwisha. Kupanda na kushuka kote kumo ndani ya mipaka ambayo sanduku lenyewe lingeizalisha, hata wafanyakazi wangekuwa wengine. Meneja aliyecheka sasa anakumbuka barua ya onyo aliyomwandikia mfanyakazi wake mwezi uliopita.

Nasi tuna desturi ya kutangaza mfanyakazi bora kila Mei Mosi. Sisemi wote wanaopewa vyeti hawakustahili. Nasema ni ofisi chache zinazojiuliza kwanza sandukuni mna nini: mashine isiyofanyiwa matengenezo, malighafi hafifu iliyonunuliwa kwa sababu tu bei ilikuwa chini, fomu inayosubiri sahihi tano.

Wajapani walijiuliza. Mwaka 1951 walianzisha Tuzo ya Deming, mwanzoni kwa fedha za kitabu cha mihadhara yake ambazo yeye alikataa kuzichukua. Toyota iliipata mwaka 1965. Nyumbani kwake Marekani, wengi walianza kumsikia mwaka 1980, baada ya kipindi cha televisheni ya NBC, naye akiwa na umri wa miaka 79. Aliendelea kufundisha hadi mwezi uleule aliofariki, Desemba 1993.

Ninyi mnaoandaa hafla za vyama vya wahasibu, wahandisi na maofisa utumishi, msitafute msemaji wa kuwapaka mafuta mabosi. Mwiteni atakayewaonyesha, kwa kitu kinachoshikika, kasoro ambazo wao peke yao ndio wenye uwezo wa kuziondoa.