Corolla mgongoni mwa lori la jeshi

Gari dogo likifia Koni, nchini Kongo, wakati wa mvua, jirani na kituo cha umeme kilichoanza kazi kwenye mto Lufira mwaka 1950, kulirudisha gereji Likasi ni shughuli. Lori la kubeba magari, lenye tumbo la chini, tope linalimeza. Lori kuukuu la jeshi halikwami kirahisi, na ndiyo maana wenye nalo hukubali kazi kabla ya kutoa futi kamba.

Chukua M35 ya Marekani, yenye ekseli tatu zote zinazovuta. Kwenye njia mbovu iliidhinishiwa takriban kilo 2,270. Corolla ya zamani ina kilo 1,100 hivi. Uzito si hoja. Hoja ni bodi yenye urefu wa karibu mita 3.7. Magurudumu yote manne ya Corolla yanaenea, buti tu ndilo linaloning'inia. Land Cruiser ya pikapu ina mita 3.18 kati ya ekseli zake. Ongeza pua, na magurudumu ya nyuma hayana pa kukanyaga. Hiyo iachwe, mwenyewe aseme atakalo.

Sakafu iko karibu mita 1.3 juu ya ardhi. Mbao za mita 4 zinatoa mwinuko wa nyuzi 19, na gari likifika ukingoni linalalia tumbo. Afadhali lori lirudi nyuma hadi kwenye ukingo wa udongo, kimo kilichobaki kiwe cha kuzibwa na mbao fupi. Baadhi ya M35 zina winchi, lakini iko mbele ya pua: haiwezi kupandisha kitu kwenye mgongo wa lori lenyewe. Tirfor, yaani winchi ya mkono, iliyofungwa nyuma ya kabini inatosha, mmoja akifuata na kabari nyuma ya gurudumu, wala asisimame kwenye mstari wa waya.

Kufunga ndiko kunakoharibiwa zaidi. Wengi hupitisha kamba kwenye bampa au chesisi. Lori likiingia shimoni, springi za Corolla hubonyea, kamba inalegea, kisha gari linaruka na kuishtua. Funga magurudumu: mkanda wa kukazia upite juu ya kila tairi, uvutwe mbele na nyuma hadi kwenye pete za bodi. Bodi ya gari icheze itakavyo juu ya springi zake. Kanuni ya Ulaya hudai vifungo vihimili asilimia 80 ya uzito kuelekea mbele na 50 kuelekea pembeni. Kwa Corolla hiyo ni kilo 880 na 550. Breki ya mkono na gia ni nyongeza tu. Baada ya kilomita chache simama, kaza tena, maana mikanda hulegea.

Kinachobaki ni mlalo wa barabara. Kitovu cha uzito wa Corolla sasa kiko karibu mita 1.85 kutoka ardhini, kwa hiyo njia iliyomegwa upande mmoja na maji hupitwa polepole sana, au huchongwa kwa jembe kwanza. Na mwenye gari akaombe nafasi kwenye kabini. Ndani ya Corolla yake hapandi mtu.