Doti Mlangoni, Saa Moja Asubuhi

Wifi yangu anauza kanga nyumbani kwake Magomeni, Dar es Salaam. Hana fremu wala meza ya barabarani. Duka lake ni kabati la milango miwili, simu iliyopasuka kioo pembeni, na statasi ya WhatsApp. Nimekaa naye asubuhi nyingi nikimtazama akipiga picha za mzigo wake, na sijamchoka, kama nisivyomchoka fundi seremala anayepiga randa.

Huanza saa moja, jua likiwa bado chini. Mkeka anautandika karibu na mlango, si uani, kwa sababu jua kali linapausha rangi, na balbu ya sebuleni inageuza nyeupe kuwa njano. Mwanga wa mlangoni huingia kwa ubavu na kutulia. Anaitandaza doti, anainyoosha kwa kiganja mpaka mikunjo ya kiwandani ilale, kisha anapiga picha tatu tu: kanga nzima, pindo lionekane pande zote, mji, yaani lile ua la katikati, na jina. Kwenye jina hupiga magoti, simu akaishika sambamba na maandishi ili herufi zisipinde. Akiona neno moja halisomeki, anafuta na kuanza upya. Mteja wa kanga hununua maneno kabla ya rangi. Anayempelekea mama mkwe zawadi hawezi kubahatisha jina.

Halafu video, nusu dakika hivi. Anashika ncha ya kitambaa kwa vidole viwili na kuisugua karibu na simu. Kanga mpya ina wanga. Hulia kama karatasi. Kisha anapitisha kiganja kwa chini na kuinua kitambaa kwenye mwanga, na kivuli cha vidole kinakwambia kama ni nzito au ni nyepesi. Kina mama wanaozijua kanga hupima hivyohivyo dukani. Yeye amewaazima mkono wake.

Bei anaiandika palepale juu ya picha. Hili nalipenda kuliko yote. Wauzaji wengi siku hizi wanakwambia “bei njoo inboksi”, na mwenye elfu chache mkononi huona haya kuuliza, akapita. Wifi anasema aliyeona bei ameshaheshimiwa. Ikitokea doti ina doa la rangi au uchapaji umehama kidogo, analipiga picha doa lenyewe na kushusha bei. Mimi niliwahi kuagiza kitenge kwa muuzaji mmoja mtandaoni kikaja rangi nyingine kabisa, na namba yangu ikafungiwa siku hiyohiyo. Ndiyo maana ile picha ya doa naitazama kwa heshima.

Statasi za WhatsApp, kwa namna tunavyozijua leo, zilikuja mwaka 2017. Hufutika baada ya saa 24, na haoni asiyeisevu namba yako. Wengine wanaona huo ni upungufu. Wifi ameugeuza kuwa mtaji. Kila anayemfungia mzigo humwambia, “Nisevu, dada, uone zikiingia mpya.” Kwa hiyo wanaomtazama ni watu waliokwisha kushika kanga zake. Hawachoshi: picha tano au sita kwa siku, basi. Doti ikiuzwa anaifuta au anaandika “imeshatoka”, mtu asije akaitamani bure. Wateja watu wazima huwajibu kwa sauti, shikamoo kwanza, biashara baadaye, maana si wote wenye miwani karibu.

Nadhani kanga inakaa vizuri humo kwa sababu ya asili yake. Tangu ilipotokana na leso zilizoshonwa pamoja katika pwani yetu, karne ya 19, na baadaye ikapata maandishi, kwanza kwa herufi za Kiarabu, mwanamke amekuwa akipita mlangoni kwa jirani na ujumbe mgongoni, bila kumtaja mtu. Anayehusika anasoma.

Usiku, watoto wakilala, anafungua orodha ya waliotazama. Anaisoma taratibu, jina kwa jina, kama mwalimu na daftari la mahudhurio. Kuna mama mmoja wa Tanga ambaye kwa miezi saba alitazama kila picha asinunue wala kuuliza. Wifi hakumtumia ujumbe hata mmoja wa kumsukuma. Alisema huyo bado anachagua, mwache achague.

Juma lililopita nilikuwapo ujumbe wake ulipoingia: “Mwanangu, ile ya zambarau ya mwezi wa Ramadhani, bado ipo?”

Wifi hakujibu papo hapo. Umeme ulikuwa umekatika. Aliwasha tochi ya simu, akafungua kabati, akaanza kuzipekua doti moja moja kutoka chini.