Anayelisha Duara

Mchezaji wa netiboli anayevaa herufi WA kifuani ana marufuku moja inayonifanya nimheshimu kuliko wenzake wote sita: haruhusiwi kukanyaga ndani ya duara la kufungia. Duara lenyewe ni nusu, mita 4.9 kutoka kwenye nguzo hadi mstarini. Humo huingia GS na GA wanaoshambulia, na GK na GD wanaozuia, basi. WA hufika mpaka mstarini akasimama, na kila alichojifunza tangu aanze kushika mpira hukimalizia hapo. Hatafunga goli mwaka huu wala mwakani. Karatasi ya mezani ina safu ya GS na safu ya GA. Yeye hana safu.

Namwandikia yeye, kwa sababu msimu wa kuwania nafasi unapofikia ukingoni wilayani Kilosa, timu hubebwa na mikono yake.

Wanaoifahamu michezo ya shule wanajua inavyopanda. UMISSETA, michezo ya sekondari, huanzia shuleni, ikaenda katani, wilayani, mkoani, halafu taifa. Fainali za taifa mwaka 2021 zilifanyika Mtwara, na 2022 Tabora. Kwa kuwa kilele huwa katikati ya mwaka, mechi za mchujo huku chini huangukia masika, na masika ya Kilosa hayana mzaha. Mji umekaa kando ya Mto Mkondoa, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwatoa maelfu ya watu majumbani mwao na kung'oa reli. Hata katika mwaka wa kawaida, uwanja wa udongo uliochorwa kwa chokaa asubuhi huwa hauna mistari ifikapo saa kumi jioni. Mpira umelowa, umekuwa mzito, unateleza viganjani. Binti anayetua kwa kasi huburuzika, na filimbi ya stepu inalia kabla hajajua kosa lake. Katika hali hiyo, mbio za miguu hazimfikishi mtu mbali. Inabaki pasi.

Hebu tumwangalie akifanya kazi. Mpira umetoka kwa C, mchezaji wa kati, katikati ya uwanja, umempata WA karibu na ukingo wa duara. Kuanzia mpira ulipotua mikononi mwake ana sekunde tatu. Mguu aliotua nao akiuinua hauruhusiwi kurudi chini kabla mpira haujaondoka. Mbele yake, karibu tu, amesimama mkabaji mwenye mikono juu. Nyuma ya mikono hiyo yumo GS, na mgongoni mwa GS yumo GK anayetaka mpira huo kwa hamu ileile.

WA mchanga humtazama mfungaji wake. Aliyekomaa hutazama miguu ya GK. Kama GK ameegemea mbele ili anyakue, nafasi iko nyuma, karibu na mstari wa mwisho. Mpira upande juu ya vidole vya wote wawili, ushukie pale ambapo GS atakuwa, wala si pale alipo. Kama GK amebaki nyuma analinda mlango, GS atanyoosha mkono mbele, na pasi itoke kifuani, kali, ya kimo cha bega. Macho nayo yana kazi yake. Kichwa kinamgeukia GA anayekatiza kutoka kushoto, mkabaji anahamisha uzito kwenda huko, na mpira unapita kulia. Yote hayo hufanyika katika muda wa kutamka sentensi moja fupi.

Zipo pasi za namna nyingi, na masika humnyang'anya mojawapo. Pasi ya kudundisha, ile ipitayo chini ya kwapa la mkabaji, ni silaha nzuri kwenye uwanja mkavu. Kwenye tope mpira hauinuki. Unakwama na kufia miguuni mwa adui. Kwa hiyo mlishaji wa Kilosa hujifunza kupita juu, na hujifunza mapema, na huko juu lazima ajue kupima urefu kwa kifundo cha mkono: nguvu ikizidi kidogo mpira unatoka nje ya mstari, ikipungua kidogo unadakwa. Akifika kucheza kwenye uwanja wa saruji mkoani, mkono huo unakuwa umeshafunzwa na mvua.

Ila ufundi ninaouona mkubwa kuliko huo wote ni wa kutotoa pasi. Timu iko nyuma kwa magoli mawili, robo ya nne inayoyoma, na pembeni ya uwanja wanafunzi, madereva wa bodaboda na akina mama waliotua mabeseni yao ya ndizi wanapiga kelele, “Mpe! Mpe!” GS amezibwa. Kila mtu uwanjani anataka mpira uingie duarani sasa hivi. WA anaurudisha kwa C. C anampa tena. Anaurudisha tena. Watu wananung'unika kana kwamba ameogopa. Kumbe anamsubiri GS auzungushe mgongo wake, amweke GK nyuma, afungue mkono. Mkono unafunguka, mpira unaondoka, na goli linapatikana kwa utulivu unaofanya kelele zote za mwanzo zionekane hazikuwa na sababu. Katika mechi za mwisho, pale ambapo kushindwa mara moja ni kurudi nyumbani, nimeona timu nyingi zikifa kwa haraka kuliko kwa udhaifu. Asiyekubali kuharakishwa na uwanja mzima ni hazina.

Mchezo huu wenyewe una asili inayoifaa wilaya hii. Mwaka 1891 James Naismith alitundika vikapu vya matunda kwenye roshani katika jumba la mazoezi huko Springfield, Marekani, ukazaliwa mpira wa kikapu. Vikapu vile vilikuwa futi kumi kutoka chini, na pete yetu leo iko juu vilevile, mita 3.05. Mchezo ulivuka bahari ukafika Uingereza, katika chuo cha Martina Bergman-Österberg, kilichowaandaa wanawake kuwa walimu wa mazoezi ya viungo. Mwaka 1895 chuo hicho kilihamia Dartford, na ni huko, mikononi mwa wanachuo wale, mchezo ulikoanza kuchukua sura nyingine. Mpira haukudundwa tena na ubao wa nyuma haukuwepo. Uwanja ukagawanywa, kila mtu akapewa eneo lake. Mwaka 1901 kanuni zikachapishwa. Walimu wahitimu wakaubeba hadi kwenye shule walizopangiwa, na hivyo ndivyo ulivyosambaa: kwa walimu wanawake, shule kwa shule.

Nikiwa Kilosa nalikumbuka hilo kwa sababu ya Chuo cha Ualimu Ilonga, nje kidogo ya mji, jirani na kituo cha utafiti wa kilimo. Vyuo vya ualimu vina michezo yao, UMISAVUTA, na kocha wa timu ya chuo ana tatizo ambalo kocha wa klabu halijui: wachezaji wake hawakai. Mwanachuo huja, akasoma muda mfupi, akahitimu, akaondoka. WA aliyeanza kuelewana na GS wake kwa jicho tu ndiye huyo anayefunga sanduku. Kila mwaka nusu ya timu ni wageni, na kuelewana kunaanza upya. Wanaofanikiwa mwishoni mwa msimu ni wale ambao dada aliyetangulia alikaa na mdogo wake jioni, akamwonyesha mahali pa kusimama na namna ya kupumua mpira ukiwa mkononi.

Hasara ya chuo, hata hivyo, ni faida ya vijiji. Anayehitimu ualimu akapangiwa Ulaya ya hapahapa wilayani, au Kidodi, au Mikumi pembeni ya barabara kuu ya Iringa, kesho yake ni mwalimu wa michezo hata kama barua yake ya ajira haikusema hivyo. Ana mpira mmoja, nguzo mbili za mbao na wasichana thelathini. Awafundishe nini kwanza? Wengi huanza na kufunga, kwa kuwa kila mtoto anataka kufunga. Mwalimu aliyecheza WA huwapanga wawili wawili, mita nne kati yao, na kuwaambia warushiane bila kutaja jina la mwenzake wala kumwangalia. Wiki za kwanza mpira huokotwa zaidi ya kudakwa. Kufikia mwezi wa tatu unaona watoto wa miaka kumi na nne wakituma mpira mahali patupu, na mwenzao anatokea hapo.

Afrika imeshathibitisha mchezo huu unaweza kutufikisha wapi. Aprili 2018, huko Gold Coast, Malawi iliifunga New Zealand 57 kwa 53 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 2023, Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika kwa mara ya kwanza, Cape Town, Uganda ilimaliza nafasi ya tano. Majina tunayoyataja ni ya wafungaji: Mwai Kumwenda, Peace Proscovia. Wanastahili kila sifa. Nao karibu kila goli lao lilianzia kwenye vidole vya mtu aliyekuwa amesimama nje ya mstari. Katika ligi kubwa za Australia wanahesabu pasi zinazoingia duarani na kumwandikia aliyezitoa.

Hapa kwetu bado hatuhesabu, na madhara yake huonekana siku ya uteuzi. Mashindano ya wilaya yakiisha, timu iliyoshinda haiendi mkoani nzima nzima. Huchaguliwa wachezaji kutoka shule mbalimbali, wakawekwa kambini siku chache, wakapanda gari kwenda Morogoro. Wateuzi hufungua karatasi, wakaona magoli, wakamchukua GS wa Mikumi na GA wa Kimamba, wakajaza nafasi za kati mwishoni kwa waliobaki. GS huyo anafika mkoani akisubiri pasi ya juu, upande wa kulia, ile aliyoizoea miaka miwili, na anayemlisha hajawahi kumwona kabla ya wiki hiyo. Mipira inapita, mikono inachelewa, na watu wanasema binti amepoteza makali.

Ningeomba wateuzi wa wilaya waanzie upande wa pili. Wakae nyuma ya nguzo wakati wa mechi, waangalie mpira unakotoka badala ya unakoingia. Wakimpata WA anayesoma miguu ya mkabaji na kuweza kungoja, wamwandike wa kwanza, kisha wamwulize mwenyewe ni mfungaji gani wa kwenda naye.