Kususa na Kupona katika Riwaya ya Nervous Conditions

Riwaya ya Tsitsi Dangarembga, Nervous Conditions, iliyotolewa mwaka 1988, huhakikiwa zaidi kama hadithi ya elimu ya kikoloni katika Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Usomaji huo ni sahihi, lakini huipa meza ya chakula nafasi ndogo mno. Wanawake wawili katika riwaya hii hukataa kula, na mmoja tu ndiye anayeonekana kupona. Tofauti baina yao yastahili kuchunguzwa.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa hapa: kususa. Anayesusa huenda ana njaa. Hukiacha chakula mbele ya watu ili kinyongo chake kionekane, na aulizwe ana nini. Ma'Shingayi, mama yake Tambu msimulizi, husus­a kwa maana hiyo hasa. Binti yake apatapo nafasi katika shule ya watawa wa Kizungu, yeye huacha kula na kufanya kazi. Jamaa huuelewa ujumbe. Nduguye, Lucia, huitwa, akampeleka kwenye mto Nyamarira na kumrejesha katika kazi na malezi ya mtoto wake mchanga.

Nyasha, binamu yake Tambu, hapewi hata ruhusa ya kususa. Akikataa chakula, baba yake humwamuru akimalize. Naye hukimaliza, kisha hukitapika kwa siri. Hapo kitenzi kususa hakitoshi tena, kwani hakuna kususa pasipo mtazamaji. Hasira iliyofukuzwa mezani imehamia mwilini.

Ni kweli kwamba Nyasha anaupenda wembamba, na kwamba aliishi Uingereza utotoni. Lakini msomaji atakayeuona ugonjwa wake kuwa ni uigaji tu atakuwa upande wa yule daktari wa akili wa Kizungu, anayedai kwamba Waafrika hawaugui maradhi ya namna hiyo. Baba hakutaka kuiona hasira. Daktari hataki kuyaona maradhi.

Uponyaji katika riwaya hii, basi, huanza pale mgonjwa anaposadikiwa. Hata hivyo Dangarembga haahidi mengi. Daktari mwingine humlaza Nyasha, lakini hatima yake huachwa wazi. Ma'Shingayi naye anakula tena, ilhali lile lililomfanya asuse halijaondolewa: Tambu anakwenda shuleni. Mwili umetulizwa; swali lake bado halijajibiwa.