Treni ya Mchongoko: Uhakiki wa Umbo na Matumizi Yake

Tumezoea kutumia neno uhakiki tunapozungumzia tenzi, riwaya na michezo ya kuigiza. Hata hivyo mkeka, kinyago, nyumba na chombo cha safari navyo vimebuniwa na binadamu kwa kusudi maalumu, na kila kimoja huwaonyesha watumiaji wake jinsi walivyofikiriwa na mbunifu. Kwa hiyo navyo vinastahili kuhakikiwa. Katika makala haya tunakusudia kuihakiki treni ya umeme iitwayo Mchongoko, ambayo hupita Kingolwira, mkoani Morogoro, katika safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma.

Kwanza tuikumbuke historia kwa ufupi. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Upana wa njia yake ni mita moja. Jiwe la msingi la reli mpya, yenye upana wa milimita 1,435, liliwekwa Aprili 2017. Abiria walianza kusafiri kwa reli hiyo kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na mwezi Julai mwaka huo huo wakafika Dodoma. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na vichwa vya umeme. Ilipofika Novemba 2024 ndipo Mchongoko, iliyoundwa na kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea Kusini, ilipoanza kuchukua abiria.

Jambo la kwanza linalovuta jicho ni pua ya treni hii. Mtu anaweza kudhani kwamba imechongwa hivyo kwa ajili ya urembo tu. Sivyo. Chombo kiendacho kasi hupambana na hewa, na mwendo ukiongezeka maradufu, ukinzani wa hewa huwa mara nne. Treni iliyokusudiwa kwenda kilomita 160 kwa saa haiwezi kuwa na uso bapa kama ukuta. Ndivyo alivyofanya fundi wa jahazi alipoichonga omo ili ipasue maji. Umbo limezaliwa na kazi, na uzuri umekuja nyuma yake. Hata katika ushairi wetu, kina kizuri ni kile kinachobeba maana; kina kilichobandikwa kwa ajili ya mlio tu humchosha msikilizaji.

Jina nalo lina fundisho. Treni ya abiria iliyoanzishwa jijini Dar es Salaam mwaka 2012 iliitwa na wananchi Treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Hii ya sasa imejulikana kwa neno litokanalo na kitenzi kuchongoka, yaani kuwa na ncha kama kilele cha mlima. Jina la kwanza lilimtaja mtu; la pili limesoma umbo. Kwa maoni yetu, kuliita jambo kwa sifa yake ni hatua ya kwanza ya uhakiki.

Nyuma ya pua hiyo kuna jambo kubwa zaidi ambalo jicho halilioni upesi. Mchongoko haina kichwa kinachovuta mabehewa. Mota zake zimegawanywa chini ya mabehewa, na chumba cha dereva kimewekwa pande zote mbili. Katika jahazi, omo ni omo na tezi ni tezi. Katika treni hii, tezi ya kwenda huwa omo ya kurudi. Huu ndio muundo wa treni za mijini katika miji mikubwa ya dunia. London ilifungua reli ya chini ya ardhi mwaka 1863 kwa kutumia mvuke, na moshi ukawasumbua abiria mahandakini. Mwaka 1890 ikafunguliwa huko njia ya chini ya ardhi ya umeme. Kwa kugawanya nguvu, treni huondoka upesi, husimama upesi, na haihitaji kugeuzwa ifikapo mwisho wa safari. Mzigo haukuachiwa mmoja avute huku wengine wakiburutwa. Kila sehemu iliyopewa nguvu inasukuma.

Basi neno letu la zamani, garimoshi, limebaki bila moshi. Mahali pa moshi pana waya uliotandazwa juu ya njia, wenye umeme wa volti 25,000, na mkono wa chuma juu ya paa unaougusa waya huo. Na hapa ndipo Kingolwira inapoingia katika hoja yetu. Njia kubwa ya umeme iliyojengwa kwa ajili ya reli hii katika sehemu ya Dar es Salaam hadi Morogoro, yenye msongo wa kilovolti 220, inatoka Kinyerezi na kuishia Kingolwira. Nguvu ya treni inapita hapa. Lakini treni yenyewe haisimami hapa. Baada ya Ngerengere, stesheni inayofuata ya abiria ni Morogoro.

Reli ya zamani ilikuwa na stesheni ndogo Kingolwira. Katika stesheni za namna hiyo dirisha la behewa lilikuwa duka. Mkono mmoja ulitoa sarafu, mwingine ukapokea ndizi, machungwa au muwa, na maneno mawili matatu ya utani yakafuata. Msafiri aliionja nchi aliyokuwa akiipita. Dirisha la Mchongoko halifunguki. Sababu zake ni za haki: mwendo mkali, usalama wa abiria, na hewa inayopozwa kwa mitambo. Hata hivyo mhakiki hana budi kusema kilichopotea. Msafiri sasa anaiona milima ya Uluguru kama picha ukutani, na mkulima wa milima hiyo anaiona treni kama radi.

Je, tunadai treni isimame katika kila kijiji? La, hasha. Mshairi anayeongeza mizani kila apendapo huliua shairi lake, na treni ya kasi inayosimama kila mahali si ya kasi tena. Tunachodai ni kwamba ubunifu usiishie mlangoni mwa behewa. Stesheni ya Dar es Salaam imepewa sura ya tanzanite, jiwe la Mererani. Sura hiyo inapendeza. Lakini stesheni huwa ya wananchi zaidi pale mama wa Kingolwira anapopata meza ya kuuzia matunda yake Morogoro au Ngerengere kwa kodi anayoimudu, na pale basi dogo la kijijini linapopangiwa saa zinazooana na saa za treni. Mambo hayo hayahitaji chuma kipya kutoka Korea. Yanahitaji uamuzi wetu wenyewe.

Kwa walimu na wanafunzi tunatoa kazi moja. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa fizikia waketi pamoja na darasa, waichore treni hii, kisha kila sehemu yake waipe jina la Kiswahili pamoja na sababu ya umbo lake. Halafu wajiulize ni nani aliyefikiriwa wakati sehemu hiyo ilipobuniwa, na ni nani aliyesahauliwa. Mchongoko iliundwa ugenini, na hilo si aibu. Aibu itakuwa ikiwa tutaipanda kila siku bila kuihoji, na Kingolwira ikaendelea kuwa mahali pa kupitisha nguvu ambayo wenyeji wake hawajui namna ya kuinufaikia.