Laini, Kadi na Namba: Neno Moja kwa Dhana Tatu

Neno laini limekwisha kuenea, wala si kazi ya mwanaistilahi kuligombeza neno lililopata wasemaji. Lawama yetu ni kwa wafasiri wa fomu na miongozo, ambao hulitumia kwa kadi, kwa namba na kwa huduma pasipo kubagua. Katika usajili wa alama za vidole ulioanza Tanzania mwaka 2019, kilichosajiliwa kiliitwa laini. Kilichofungwa Januari 2020 kiliitwa laini. Na kipande cha plastiki kilichobaki mkononi, nacho ni laini.

Hebu zitazamwe dhana zenyewe. Kadi, iliyotengenezwa kwanza mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich, huhifadhi namba ya utambulisho isiyozidi tarakimu 15 (za Tanzania huanza na 640, za Kenya 639), pamoja na ufunguo wa siri ambao mtandao huutumia kuihakiki. Namba tunayopigiana si sehemu ya utambulisho huo. Mitambo ya kampuni ndiyo inayoiunganisha na kadi. Kwa hiyo kadi ikipotea, mteja hupewa nyingine yenye namba ile ile. Majina hayarudi. Kama yaliandikwa kwenye kadi, ambayo aghalabu huchukua yapata 250, yamekwenda nayo. Kama yaliandikwa kwenye simu, yangali humo.

Mwongozo mmoja niliousoma uliahidi kwamba laini iliyopotea hurudishwa. Mwalimu jirani yangu aliuamini, akakosa namba za wazazi wa darasa zima. Mwongozo haukusema uongo, ila neno lake lilibeba ahadi mbili.

Kadiwia, linalopendekezwa na baadhi, ni fupi, lakini sehemu yake ya pili haimfunulii msomaji kitu. Kadi ya simu lilikwisha kutumika kwa zile za vibandani. Tungechagua kadi ya laini: laini ibaki kuwa huduma, namba iitwe namba.

Kuhusu orodha ya majina, baadhi ya simu huiita Anwani. Uteuzi huu hauturidhishi hata kidogo. Anwani kwa karani yeyote ni sanduku la posta, na fomu moja yaweza kuzidai zote mbili. Watu husema majina. Orodha ya majina yatosha.