Pointi 37 za Edey na Hesabu ya Hurley

Zach Edey alifunga pointi 37 na kudaka ribaundi 10 katika fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Marekani, na bado timu yake, Purdue, ikafungwa kwa tofauti ya pointi 15. Mtu anayesoma karatasi ya matokeo peke yake atadhani wapinzani wao, UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), walishindwa kumzuia yule jitu. Aliyeitazama mechi aliona kitu kingine: kila mpira ulipomfikia Edey, alikutana na mlinzi mmoja tu mgongoni, na wale wenzake wanne waliozoea kubaki peke yao kwenye mstari wa pointi tatu walikuwa wamegandwa.

Mechi hiyo ilichezwa Glendale, Arizona, tarehe 8 Aprili 2024, ikaisha 75-60. UConn wakawa timu ya kwanza kutetea taji la wanaume la vyuo vya Marekani tangu Florida walipofanya hivyo mwaka 2006 na 2007. Mengi yaliandikwa juu ya vita ya mapandikizi mawili, Edey wa Purdue na Donovan Clingan wa UConn. Vita hiyo ilikuwepo, na ilipendeza macho, ila mechi iliamuliwa mbali nayo.

Kwanza tuelewe Purdue walikuwa wanaishije. Edey, Mkanada kutoka Toronto, ana urefu wa mita 2.24 na wakati ule uzito wake ulikuwa karibu kilo 136. Alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo kwa wanaume mara mbili mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu enzi za Ralph Sampson wa Virginia miaka ya themanini. Mpira ulipomfikia chini ya ringi, kocha wa timu pinzani alikuwa na njia mbili. Akimwachia mlinzi mmoja, Edey anageuka na kutumbukiza. Akimpelekea wawili, Edey anaurudisha mpira nje kwa Braden Smith, Fletcher Loyer, Lance Jones au Mason Gillis, na mmoja wao anarusha bila bugudha. Msimu ule Purdue walikuwa wakifunga zaidi ya asilimia 40 ya mitupo yao ya pointi tatu, miongoni mwa timu bora kabisa nchini kwa hilo.

Uwezo huo haukuja kwa bahati. Machi 2023, Purdue wakiwa wamepangwa namba 1 katika kanda yao, walitolewa raundi ya kwanza na Fairleigh Dickinson, timu ya namba 16 na fupi kuliko zote za daraja la kwanza. Matokeo yalikuwa 63-58. Wafupi wale walimzunguka Edey mbele na nyuma, wakawaambia wengine warushe. Purdue walirusha mitupo 26 ya mbali, ikaingia mitano. Kocha Matt Painter alipata aibu ya mwaka mzima, na dawa aliyotafuta ilikuwa kuhakikisha kwamba safari nyingine, mtu akimsonga Edey, ataadhibiwa kutoka nje. Alimleta Jones kutoka Southern Illinois, naye Smith akawa amekomaa. Dawa ilifanya kazi. Katika nusu fainali dhidi ya North Carolina State, Edey alifunga 20 tu, chini ya kiwango chake cha kawaida, lakini wenzake wakapiga za mbali na Purdue wakashinda 63-50 bila jasho jingi.

Kwa hiyo Dan Hurley, kocha wa UConn, alikabidhiwa mtihani ambao jibu lake la 2023 lilikuwa limeshapitwa na wakati. Aliligeuza swali. Fairleigh Dickinson walimnyima Edey na kuwaachia warushaji. Yeye akawanyima warushaji na kumwachia Edey. Baada ya mechi alieleza wazi kwamba mpango ulihusu Smith, Loyer, Jones na Gillis, hao ndio wasipumue.

Hapa wachambuzi wengi walisimama wakapiga makofi. Mimi nadhani ni mapema mno kusimama hapo, kwa sababu ukiipiga hesabu ya mpango huo yenyewe kama ilivyo, hailipi. Edey alirusha mara 25 katika fainali, akaingiza 15. Hizo ni pointi 30 kwa mitupo 25, yaani pointi 1.2 kwa kila mtupo. Mrushaji wa mbali anayeingiza asilimia 40 naye anazalisha pointi 1.2 kwa kila mtupo. Ni kitu kilekile. Sasa faida iko wapi?

Ushahidi mwingine ni mechi ya nane bora kati ya Purdue na Tennessee, siku nane kabla. Edey alifunga pointi 40 na kudaka ribaundi 16, wenzake wote kwa pamoja wakafunga 32, na Purdue wakashinda 72-66. Naye Dalton Knecht wa Tennessee alitupia 37 peke yake. Kwa maneno mengine, Edey alifunga sana katika mechi zote mbili. Moja wakashinda, nyingine wakapigwa vibaya. Lazima kuna kitu cha ziada.

Tazama mitupo huru. Dhidi ya Tennessee Edey alisimama kwenye mstari mara 22, akaingiza 14. Dhidi ya UConn alisimama mara 10, akaingiza 7. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya Clingan, na si kazi ya kupangua mitupo kama watu walivyotarajia. Clingan, mtoto wa Bristol, Connecticut, mwenye mita 2.18, alikuwa na sifa ya kufunga anga. Kwenye nane bora Illinois walirusha mara 19 mbele ya mikono yake na hata mmoja haukuingia, na katika mechi hiyohiyo UConn walifunga pointi 30 mfululizo bila kujibiwa, kutoka 23-23 hadi 53-23. Kwa Edey alibadilisha kazi. Alimsukuma kwa kifua ili apokee mpira hatua moja mbali zaidi na ringi, akainua mikono wima, akamwacha arushe mtupo wake wa mkono wa kulia juu ya kichwa. Ukiingia, haya. Usipoingia, mpira wetu. Kilichokatazwa ni faulo.

Msomaji wa Dar es Salaam ana sababu ya kuielewa kazi hiyo kuliko wengi. Kiti alichokalia Clingan kiliwahi kukaliwa na Hasheem Thabeet, Mtanzania wa mita 2.21 aliyechezea UConn hadi 2009, akawafikisha nne bora mwaka huo kabla ya Michigan State kuwatoa, kisha akachaguliwa wa pili katika kuingia NBA. Hasheem alikuwa mpanguaji wa mipira wa daraja la juu kabisa. Hata hivyo wanaokumbuka Februari 2009 wanamkumbuka DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa sentimita 20, aliyemvaa kwa mabega na kuondoka na pointi 22 na ribaundi 23. Chini ya ringi kimo hukusaidia ukishapata pa kusimama. Clingan alikuwa na kilo za kusimamia, na alipochoka aliingia Samson Johnson, kijana wa Togo, mwembamba lakini mwepesi. Wawili walipokezana kwa mtu mmoja aliyecheza karibu mechi nzima. Kipindi cha pili Edey alipumua kwa mdomo.

Kisha tazama saa. Timu ya chuo ina sekunde 30 kurusha. Kumtafutia Edey nafasi, kumpelekea mpira, kumngoja asukumane na ageuke, hula sehemu kubwa ya sekunde hizo. Purdue walijikuta wakicheza mechi ya taratibu, pointi mbili, rudi, pointi mbili, rudi. Warushaji wao, ambao waliishi kwa mpira unaotoka ndani kwa kasi na kuwakuta miguu tayari, walisimama kona wakitazama. Mitupo ya pointi tatu waliyorusha kwa dakika 40 ilikuwa saba. Ukaingia mmoja.

UConn nao hawakuwa wazuri kutoka mbali usiku huo, waliingiza 6 kati ya 22. Lakini sita ni pointi 18, mmoja ni pointi 3, na tofauti ni 15. Angalia tena matokeo ya mwisho.

Upande wa pili wa uwanja ndiko deni lilikolipwa. Purdue walimweka Edey karibu na ringi walipokaba, asitoke kwenda kuwafuata wachezaji wa nje, maana akitoka hakuwa na mbio za kurudi. Tennessee hawakuweza kuitumia nafasi hiyo ipasavyo kwa sababu mfungaji wao alikuwa Knecht, na nyuma ya Knecht alikuwa Knecht. UConn walikuwa na mashambulizi ya kuchosha: mchezaji asiye na mpira anapita nyuma ya skrini moja, ya pili, anakabidhiwa mpira mkononi, na kama hakuna kitu wanaanza upya upande mwingine. Clingan alipanda juu kuweka skrini, Tristen Newton au Stephon Castle akapita ubavuni mwake, na Edey akabaki na chaguo baya kila mara. Akirudi nyuma, mtupo mfupi wa mita tatu uko wazi. Akisogea mbele, mpira unarushwa hewani nyuma yake kwa Clingan au Johnson. Newton alifunga 20 na kutoa asisti 7, akatajwa mchezaji bora wa hatua ya nne bora. Castle, wa mwaka wa kwanza, alifunga 15.

Hapo ndipo zile 1.2 za Edey zilipokosa thamani. Pointi mbili za taratibu zinatosha kushinda kama mpinzani wako anahangaika kufunga, kama ilivyokuwa kwa Tennessee. Mbele ya timu inayofunga kutoka pembe tano tofauti, hazitoshi. Hurley angeweza kumwachia Edey pointi 37 kwa sababu alijua timu yake itapata 75. Kocha mwenye mfungaji mmoja akiiga mpango huo atafungwa na kusifiwa kwa ujasiri.

Je, Painter alikuwa na njia? Nadhani ilikuwepo moja, nayo haikujaribiwa vya kutosha. Edey angepandishwa juu mara nyingi zaidi kuweka skrini kwa Smith, Clingan alazimike kutoka chini ya ringi, na Loyer akimbizwe nyuma ya skrini upande usio na mpira badala ya kusimama kona. Purdue wangepoteza baadhi ya pointi za Edey, na ingewapasa kukubali hasara hiyo mapema, wakati wa mapumziko, walipokuwa nyuma kwa sita tu, 36-30. Lakini ni kocha gani angemwondoa chini ya ringi mchezaji ambaye kila mpira wa pili anaingiza? UConn walikuwa wamempa Painter kitu kitamu, akashindwa kukikataa.